Mwongozo wa kwenda Potato Bowl pale Boise bila kuganda wala kupoteza hela

Desemba ikikaribia, simu yangu hujaa maswali yale yale. Kaka, ile mechi ya viazi tunaingiaje? Mtoto mdogo analipiwa? Ni timu ya hapa inayocheza? Na hiyo baridi ni ya kweli au mnatutisha tu? Nimeamua kuyajibu yote mahali pamoja, ili atakayeuliza tena nimtumie mwongozo huu, nami niendelee na chai yangu.

Tunazungumzia Famous Idaho Potato Bowl, mechi ya futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu inayochezwa Boise, makao makuu ya jimbo la Idaho. Ilianza mwaka 1997 kwa jina la Humanitarian Bowl, ikawa inabadilishwa jina kila mdhamini alipobadilika, mpaka 2011 watu wa viazi walipoichukua. Uwanja ni Albertsons Stadium wa chuo kikuu cha Boise State, ule wenye nyasi bandia za buluu. Boise imepokea familia nyingi kutoka Kongo, Burundi, Rwanda na Somalia, na Kiswahili utakisikia kituo cha basi, kanisani na sokoni. Nawaandikia hao kwanza, pamoja na ndugu zao wanaokuja kula Krismasi hapa. Kama unaishi Twin Falls, mwongozo ni wako pia, ila ongeza saa mbili za barabara.

Mambo mawili ya kujua kabla ya yote

La kwanza: usitegemee kuiona Boise State. Uwanja ni wao, lakini mechi ni ya timu mbili za kualikwa. Msimu wa kawaida una mechi 12, na timu ikishinda angalau 6 inakuwa na sifa ya kualikwa kwenye mojawapo ya mechi za Bowl, ambazo ziko takribani 40 nchi nzima. Mwaka 2024 walikuja Northern Illinois na Fresno State. Mwaka 2023 walikuwa Georgia State na Utah State. Kwa hiyo karibu kila mtu uwanjani ni mgeni wa hizo timu, na wewe una uhuru wa kuchagua upande ukiwa umeshakaa kitini.

La pili: mechi hii haimpeleki mshindi kwenye hatua nyingine. Ni karamu ya kufungia msimu. Anayeshinda anabeba kombe, kocha wake anamwagiwa chipsi badala ya maji, na wote wanarudi nyumbani kwa sikukuu. Ukienda ukidhani ni fainali ya ubingwa utarudi umenuna. Ukienda kama mtu anayekwenda kwenye sherehe ya mji utafurahi.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Simu janja yenye chaji, na barua pepe unayoweza kuifungua. Tiketi ni za simu.
- Kadi ya benki. Usiende na noti peke yake ukategemea kila kaunta itazipokea.
- Begi linaloonyesha vilivyomo ndani, au usibebe begi kabisa.
- Nguo za baridi, na ninaposema za baridi sina maana ya sweta. Nitalieleza hili kwa urefu huko chini kwa sababu ndipo wengi wanapoumia.
- Mpango wa usafiri wa kwenda na wa kurudi. Wa kurudi ndio husahaulika.
- Kitambulisho, hasa kama mna vijana wa miaka 21 na zaidi wanaotaka kununua bia.

Hatua kwa hatua

1. Hakikisha tarehe na saa, kwa saa za Boise.

Mechi huchezwa wiki ya kuelekea Krismasi, mara nyingi siku ya kazi, mara nyingi mchana. Tarehe haifanani mwaka hadi mwaka kwa sababu televisheni ndiyo inayoipanga. Hapa kuna mitego miwili. Tangazo la televisheni likisema 2:30 ET, hiyo ni saa za New York, na Boise iko nyuma yao kwa saa mbili, kwa hiyo ni 12:30. Halafu hiyo 12:30 p.m. kwetu sisi ni saa sita na nusu mchana. Najua familia iliyosoma 12:30, ikaandika saa kumi na mbili na nusu, ikafika jioni wakati wafagiaji wanamalizia. Andika saa ya Kiswahili na ya Kimarekani pamoja kwenye ujumbe unaowatumia wenzako, tusilaumiane.

Kama uko kazini, omba ruhusa mapema. Desemba kila mtu anaomba.

2. Subiri timu zitajwe, ndipo ununue.

Majina ya timu hutangazwa Jumapili moja mwanzoni mwa Desemba, baada ya fainali za makundi ya vyuo. Hii ina maana kwamba kuna wiki mbili tu, pengine mbili na kidogo, kati ya tangazo na mechi. Usihangaike kununua Oktoba. Uwanja unaingiza watu elfu 36 na zaidi, na mechi hii kwa kawaida haiujazi. Kiti kitapatikana.

Kinachobadilisha mambo ni umbali wa timu. Ikija timu ya jirani, mashabiki wake wanaendesha magari usiku kucha na viti vizuri vinakwenda haraka. Chuo kikuu cha Idaho, kutoka Moscow kaskazini mwa jimbo, kimewahi kushinda mechi hii mara tatu: 1998, 2009 na 2016. Ile ya 2009 waliifunga Bowling Green 43 kwa 42, zikiwa zimebaki sekunde chache, kwa kukataa sare na kwenda kutafuta pointi mbili badala ya moja. Mtu aliyekuwepo siku hiyo haachi kuisimulia. Zikija timu mbili za mbali, una nafasi ya kuchagua kwa raha zako.

3. Nunua kupitia tovuti ya mechi yenyewe au ofisi ya tiketi ya chuo.

Ukiandika jina la mechi kwenye intaneti, majibu ya juu mara nyingi ni ya wauzaji wa mkono wa pili. Hao si wezi wote, lakini bei huongezeka ada juu ya ada ukifika ukurasa wa mwisho. Angalia jumla ya mwisho, usiangalie bei ya kwanza. Kama mko kundi la kanisa, kikundi cha vijana au timu ya soka ya mtaa, piga simu uulize bei ya kundi kabla hujanunua moja moja. Uliza pia kuhusu watoto wa mapajani, maana utaratibu wa umri hubadilika, na usichukue neno la shemeji yako aliyeenda miaka iliyopita.

Onyo: tiketi halali inahamishwa kutoka akaunti moja kwenda nyingine. Mtu akikutumia picha ya skrini ya tiketi kwa WhatsApp na kukuambia utume hela, huyo mwache. Mistari ya kwenye tiketi nyingi za siku hizi hubadilika yenyewe kila baada ya muda mfupi, na picha huenda isifungue lango.

4. Chagua kiti kwa kufuata jua, siyo kwa kufuata bei peke yake.

Hili wenyeji wanalijua na hawalisemi. Upande wa magharibi kuna jengo refu la vyumba vya kulipia, Stueckle Sky Center. Mchana wa Desemba jua liko chini, linashuka nyuma ya jengo hilo, na waliokaa chini yake huingia kivulini mapema. Waliokaa mashariki, ng'ambo ya uwanja, wanaota jua usoni muda mrefu zaidi. Utakunja macho kidogo, lakini vidole vya miguu vitakushukuru. Kama siku ni ya mawingu au theluji, pande zote ni sawa.

Usikae safu za mbele kabisa. Ukitoka kwenye soka unadhani karibu ni bora, ila hapa pembeni mwa uwanja kuna wachezaji wa akiba makumi kwa makumi wamesimama, warefu kama milango, na hutaona kitu. Panda juu safu ya ishirini hivi. Ukiwa juu ndipo unapoona mpango wote unavyofunguka.

5. Vaa ipasavyo.

Wastani wa mchana wa Desemba hapa ni nyuzi 3 au 4 za Selsiasi, na jua likizama hushuka chini ya sifuri. Hizo siyo nyuzi za kutisha kwa mtu anayetembea. Tatizo ni kwamba hapa hutembei. Unakaa saa tatu na zaidi juu ya benchi la chuma, miguu iko juu ya saruji, upepo wa mtoni unakupiga shingoni. Baridi ya uwanjani haianzii usoni, inaanzia chini, matakoni na nyayoni, na ikishapanda hadi magotini hakuna kahawa itakayoitoa.

Anza na nguo ya ndani inayobana, juu na chini, isiyo ya pamba. Pamba ikipata jasho hailikaushi, nalo hugeuka baridi. Juu yake sweta la sufu au la manyoya bandia, kisha koti linalozuia upepo. Soksi nene jozi moja inatosha. Ukivaa jozi mbili kiatu kikabana, damu haipiti na utaganda zaidi kuliko wa jozi moja. Kofia ya kufunika masikio, glovu, skafu. Vile vifuko vidogo vinavyotoa joto ukivitikisa vinauzwa kwa bei ndogo kwenye maduka makubwa yote ya mjini: weka viwili mifukoni na viwili kwenye viatu.

Kisha blanketi. Siyo la kujifunika, la kukalia. Likunje mara nne ulitandike kwenye benchi kabla hujakaa. Mama zetu wanapenda kufunga kitenge juu ya koti ili picha zipendeze, na kweli zinapendeza kwenye ile buluu, lakini kitenge hakizuii upepo, kwa hiyo kiwe juu ya nguo za joto na siyo badala yake. Mtoto mchanga, kwa maoni yangu, abaki nyumbani na bibi.

6. Panga begi usiku uliotangulia.

Sheria ni ile ya viwanja vingi vya Marekani: begi la plastiki angavu lisilozidi takribani sentimita 30 kwa 15 kwa 30, au pochi ndogo ya ukubwa wa kiganja. Mkoba mweusi wa mama, begi la mgongoni la shule, mfuko wa kamera, vyote hivyo vinarudishwa garini. Chakula cha nyumbani nacho hakipiti langoni. Kuleni vizuri kabla. Maandazi na chai ya chupa vinaliwa kwenye gari, na ni bora kuliko unavyofikiri. Mwenye dawa, au mama mwenye vitu vya mtoto, asome orodha ya vinavyoruhusiwa kwenye tovuti ya uwanja siku chache kabla, kwa sababu kuna utaratibu maalumu.

Kwa Waislamu: mechi ya mchana itameza Adhuhuri na pengine Alasiri yake, kwani majira hayo Alasiri huingia mapema. Angalia nyakati za swala za Boise siku hiyo, swali kabla ya kuingia kama wakati umeshaingia, na kama bado, ujue mapema pa kuswali.

7. Egesha mjini, tembea kwa miguu.

Maegesho ya karibu na uwanja huwa yameuzwa tayari au yana bei yake. Usigombane nayo. Egesha katikati ya mji, pita Julia Davis Park, vuka mto kwa lile daraja la waenda kwa miguu linaloitwa Friendship Bridge, na utakuwa umeingia kwenye eneo la chuo. Fuata watu waliovaa rangi za timu, ukiwa unaufuata mto kuelekea mashariki. Mwendo si mrefu, watoto wanauweza, na mwili unapata joto kabla ya kukaa.

Ukija kwa basi, angalia ratiba ya kurudi kwenye tovuti ya Valley Regional Transit na uandike basi la mwisho ni la saa ngapi. Mechi inaweza kuchelewa. Ile ya 2024 ilikwenda muda wa nyongeza mara mbili, Northern Illinois wakamaliza 28 kwa 20.

8. Ingia mapema kuliko unavyodhani.

Saa moja kabla ya kuanza. Fungua tiketi kwenye simu ukiwa bado nje na mtandao unashika, kisha zihifadhi kwenye programu ya simu ya kutunzia tiketi na kadi. Ukiwahi utaziona bendi za vyuo zikijipanga, na kwangu mimi bendi ni nusu ya thamani ya tiketi. Mwonyeshe mtoto pia yule kikaragosi wa kiazi anayezunguka akipigwa picha. Nyasi za buluu zipo tangu 1986. Chuo kilikuwa kinabadilisha zulia kwa gharama kubwa, na mkurugenzi wa michezo wa wakati huo, Gene Bleymaier, aliona ni hasara kutoa fedha zote zile halafu watu wasione tofauti yoyote. Wengi walicheka. Leo mtu wa Florida hajui Boise iko wapi kwenye ramani, lakini uwanja wa buluu anaujua.

9. Angalia mchezo kwa kanuni moja tu.

Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Wakizipata, wanaanza kuhesabu upya. Wakishindwa, mpira unakwenda kwa wenzao. Jaribio la tatu ndipo uwanja mzima unasimama, nawe simama. Kuufikisha mpira eneo la mwisho ni pointi 6 na nafasi ya kuongeza 1 au 2. Kuupiga kwa mguu upite kati ya milingoti ni 3. Mengine yote, pamoja na zile bendera za njano zinazotupwa chini, mwulize jirani. Mmarekani akiulizwa kuhusu futiboli anakuwa ndugu yako papo hapo, na pengine atakununulia chipsi.

Usikate tamaa kwa sababu mchezo unasimama kila dakika. Mapumziko mengine ni ya matangazo ya televisheni: utamwona mtu mmoja amesimama pembeni ya uwanja akiwazuia waamuzi mpaka matangazo yaishe. Muda huo ndio wa kwenda chooni.

10. Tumia hela yako ukiijua inakokwenda.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu swali la pili kwa wingi baada ya baridi ni hili: mji unapata nini?

Anayemiliki mechi ni ESPN Events, tawi la televisheni ya ESPN, si mji wa Boise. Anayelipia jina ni Idaho Potato Commission, tume iliyoanzishwa 1937 na inayoendeshwa kwa tozo inayokatwa kwenye viazi vinavyouzwa. Kwa maneno mengine, mkulima wa bonde la mto Snake ndiye analipia tangazo hilo, kwa hesabu kwamba mamilioni ya watu wamekaa nyumbani wakati wa likizo, wanatazama theluji, uwanja wa buluu na neno viazi kwa saa tatu mfululizo. Idaho inatoa karibu theluthi moja ya viazi vyote vya Marekani, kwa hiyo hesabu yao siyo ya kubahatisha.

Mji wenyewe unapata wageni katika wiki ambayo ingekuwa kavu. Wiki ya kabla ya Krismasi wasafiri wa biashara wamekwisha rudi makwao na hoteli zina vyumba vitupu. Zinakuja timu mbili, makocha, bendi, wazazi na mashabiki, wanalala siku kadhaa, wanakula. Wenzetu wanaosafisha vyumba vya hoteli wanajua tofauti hiyo kuliko mchumi yeyote: kuna wiki ya kupangiwa siku mbili na wiki ya kupangiwa tano.

Lakini ukisoma kwamba mechi fulani ya Bowl imeleta mamilioni kadhaa mjini, isome kwa jicho moja. Victor Matheson, mchumi wa chuo cha Holy Cross kule Massachusetts, huwashauri waandishi wachukue takwimu ya waandaaji na kuisogeza nukta ya desimali hatua moja kushoto, yaani waigawe kwa kumi. Sababu yake ni rahisi. Dola 50 ulizotumia wewe wa Boise uwanjani ungezitumia hapa hapa mjini kwenye sinema au kwenye pizza. Mji haujaongezewa kitu, zimehamishwa mfuko. Kinachohesabika ni dola ya mtu wa Illinois ambaye asingekanyaga Idaho maishani mwake. Na hata hiyo, sehemu yake inarudi makao makuu ya hoteli kwenye jimbo jingine.

Ndiyo maana nawaambia watu: kula mjini, kwenye mgahawa wa mwenyeji, kabla ya mechi. Kuna vipande vya nyama ya ng'ombe vilivyoviringishwa kwenye unga na kukaangwa, Boise inavidai kuwa vyake, jaribu hivyo. Pita mtaa wa Wabaski, Basque Block, wa watu ambao mababu zao walitoka mpakani mwa Uhispania na Ufaransa wakaja hapa wengi wao kuchunga kondoo na leo wana makumbusho na migahawa katikati ya mji. Acha bakshishi. Dola inayoingia kwenye mkono wa mhudumu hulala Boise usiku huo.

Kama kikundi chenu kinataka kuchangisha fedha

Viwanja vingi vya vyuo Marekani huruhusu vikundi visivyo vya faida kuendesha vibanda vya chakula siku ya mechi na kupata asilimia ya mauzo. Vikundi vya muziki vya shule, timu za watoto na makanisa hufanya hivyo miaka nenda rudi, na sisi tunapita tu tukinunua bila kuuliza. Ulizeni kampuni inayosimamia chakula uwanjani, na mwulize mapema, kiangazi, siyo Desemba.

Mtatakiwa kuwa mmesajiliwa rasmi kama kikundi kisicho cha faida, mwe na idadi ya watu wazima wa kutegemewa watakaosimama tangu asubuhi, na mkubali mafunzo ya usafi wa chakula. Kibanda kikiuza pombe kuna mafunzo zaidi. Dai makubaliano kwa maandishi: asilimia ngapi, ya mauzo kabla au baada ya kodi, na hela inaingia lini. Msimtume mtu mmoja kujadiliana peke yake. Na fahamuni kuwa siku ya baridi kali uwanja ukiwa nusu, asilimia ya kidogo ni kidogo. Mimi ningeanza na mechi za Boise State za Septemba, zinazojaa, kisha Potato Bowl iwe ya kumalizia mwaka.

Anayetafuta kazi ya siku, siyo ya kujitolea, aulize kuhusu ulinzi wa malango, kuelekeza magari na kusafisha majukwaa baada ya mechi. Vibali vya kazi viwe mkononi.

Mambo yakienda kombo

*Tiketi haionekani kwenye simu.* Mara nyingi umeingia kwa barua pepe tofauti na uliyonunulia. Jaribu ile nyingine. Ikishindikana nenda dirisha la tiketi ukiwa na kitambulisho na kadi uliyolipia. Usisimame langoni kubishana na kijana wa kuskani, hana uwezo huo.

*Simu inazima ghafla ikiwa na chaji.* Ni baridi. Iweke mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili, itaamka. Ndiyo maana mtu mmoja asishike tiketi za watu wote bila kuwa na simu ya akiba.

*Mtoto amepotea.* Mwandikie namba yako ya simu mkononi kwa kalamu kabla hamjaingia, na kubalianeni namba ya lango la kukutania. Ukimkosa, mwambie mfanyakazi yeyote mwenye sare mara moja, usianze kuzunguka peke yako.

*Mtoto anaogopa mlio.* Baadhi ya timu na waandaaji hupenda fataki na mizinga. Kuna watoto wetu, na watu wazima pia, ambao mlio wa namna hiyo unawarudisha mbali. Beba vizibo vya masikio, kaa karibu na njia ya kutokea, na mwambie mapema kwamba mlio utakuja na ni wa sherehe. Akisema anataka kuondoka, ondokeni.

*Yule mchezaji niliyemfuata hachezi.* Itakuwa anajiandaa kwenda ligi ya kulipwa na hataki kuumia, au ameshahamia chuo kingine. Ni kawaida ya mechi hizi siku hizi, na tiketi hairudishwi kwa sababu hiyo. Waliobaki ni wale wa mwaka wa kwanza waliokaa benchi msimu mzima, na wanacheza kama wana deni.

*Theluji imeanguka na unatoka Twin Falls.* Angalia hali ya barabara ya I-84 kwenye huduma ya 511 ya jimbo kabla ya kuwasha gari. Ikisema barafu, baki. Mechi ipo kwenye televisheni.

*Umeshika mtoto, blanketi na chipsi, na langoni wanakwambia begi lako halipiti.* Muulize mfanyakazi kama kuna mahali pa kuyahifadhi mabegi na kwa bei gani. Kama hapana, hamisha simu, kadi na funguo kwenye mifuko ya koti, umpe begi yule mwenzenu aliyeegesha karibu, na muda wa kumsubiri ukaangalie bendi inavyopita.